Uzi: Picha za maji mezani kwa flashi moja, na kwa nini nguvu ndogo ndiyo inayogandisha tone

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, nawasalimu nyote. Maswali yamekuwa mengi hapa jukwaani kuhusu picha za vitu vinavyopangwa mezani na kupigwa pamoja na maji: tone linaloangukia bakulini, ndimu inayotumbukia kwenye glasi, maua ya asumini yenye umande, chupa ya soda inayotoka jasho. Karibu kila anayeuliza huanza kwa kutaja kamera anayotaka kununua, na wanaomjibu humtajia nyingine ya bei kubwa zaidi. Naomba leo tuanzie kwenye flashi, kwa sababu katika kazi hii flashi ndiyo inayoamua kama maji yatatoka makali au yatatoka na ukungu.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tone lililoachiwa kutoka urefu wa sentimita 50 hufika chini likiwa na kasi ya mita 3 na kidogo kwa sekunde. Kamera nyingi hukubali kufanya kazi na flashi hadi kasi ya shata (mlango wa kamera unaofunguka kuingiza mwanga) ya 1/200 au 1/250 ya sekunde, na ndani ya hiyo 1/250 tone huwa limesafiri zaidi ya milimita 12, ambazo ni nyingi kuliko upana wa tone lenyewe. Shata peke yake, basi, haiwezi kulisimamisha. Kinacholisimamisha ni mwako wa flashi, mradi chumba kiwe na giza la kutosha, kiasi kwamba kabla ya mwako na baada yake kamera haioni kitu chochote.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hulifanya kinyume. Flashi ndogo za betri, zile zinazochomekwa juu ya kamera, hazipunguzi nguvu kwa kufifisha taa, bali kwa kukata umeme mapema, hivyo unapoteremsha nguvu unafupisha muda wa mwako. Chukueni mfano wa SB-900 ya Nikon, ambayo takwimu zake zimechapishwa na kiwanda: ikiwa kwenye nguvu kamili mwako wake huchukua 1/880 ya sekunde, ikiteremshwa hadi 1/32 ya nguvu huchukua 1/20,000, na ikifika 1/128 huchukua 1/38,500. Tukirudi kwa tone letu, katika 1/880 litasogea milimita tatu na nusu hivi, na picha itakuwa na mkia. Katika 1/20,000 halitafikisha hata robo ya milimita. Kwa hiyo anayepata picha yenye ukungu asiongeze nguvu ya flashi akidhani mwanga haujatosha. Aipunguze, kisha aisogeze flashi karibu na meza, kwa kuwa ukipunguza umbali kwa nusu mwanga huongezeka mara nne. Tahadhari moja: taa nyingi kubwa za studio za aina ya zamani hufanya kinyume, yaani mwako wake hurefuka nguvu inaposhushwa, kwa hiyo flashi ndogo ya mtumba inaweza kuishinda taa ya gharama kubwa katika kazi hii.

La pili ni mahali pa kuiweka. Maji safi na kioo havina rangi ya kumulikwa. Ukivielekezea flashi moja kwa moja kutoka mbele utaambulia doa jeupe na giza, kwa sababu mwanga unapita ndani yake au unaruka kwenda kwingine. Kinachoonekana ndani ya maji ni kile kilichoko nyuma na pembeni mwake, kwa hiyo mulika hicho. Weka karatasi nyeupe ya tresingi, au kipande cha pazia la plastiki la bafuni, sentimita 30 au 40 nyuma ya glasi, kisha weka flashi nyuma ya karatasi hiyo ili mwanga upenye na kutawanyika. Glasi itasimama mbele ya uwanja mweupe, na ukisimamisha makaratasi meusi mawili pembeni, nje kidogo ya fremu, kingo za glasi zitachorwa kwa mistari myeusi iliyo safi. Ukitaka kinyume chake, weka kadi nyeusi katikati ya karatasi ile inayong'aa ili iijaze fremu yako, uache mwanga uzunguke pembeni. Usuli utakuwa mweusi na kingo za glasi zitawaka nyeupe. Mipangilio hii miwili ndiyo msingi wa matangazo mengi ya vinywaji mnayoyaona kwenye mabango.

Kuhusu vipimo, anzeni na ISO 200 (ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga), tundu la lenzi f/11 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), shata 1/200, kamera ikiwa juu ya stendi ya miguu mitatu na kila kitu kikirekebishwa kwa mkono. Pigeni picha moja flashi ikiwa imezimwa: lazima itoke nyeusi tii. Ikionyesha chochote, zimeni taa za chumba au fungeni mapazia. Msipite f/16, kwa sababu tundu likiwa dogo kupita kiasi picha nzima hupoteza ukali. Fokasi ipangeni mapema kwa kushika msumari au kalamu mahali hasa tone litakapoangukia, kisha zimeni fokasi ya kujiendesha, maana haitaweza kulikimbiza tone.

Kwa kudondosha, chombo bora nilichokiona ni seti ya dripu, ile inayouzwa katika maduka ya dawa pamoja na mfuko wake. Ina gurudumu dogo la kurekebisha kasi, hivyo matone hushuka kwa mwendo ulio sawa na mtu anaweza kuuzoea. Faida yake inaonekana kwenye muda. Kutoka sentimita 50 tone huchukua takriban sekunde 0.32 kufika chini, wakati mtu huhitaji kama sekunde 0.2 tangu kuona hadi kubonyeza, na kamera nayo ina ucheleweshaji wake mdogo. Ukibonyeza pale tone linapoachia mdomo wa mrija, picha itakuangukia karibu kabisa na wakati wa kugonga maji. Ikiwa unapata tone likiwa bado hewani, uteremshe mfuko kidogo; ikiwa unapata mawimbi yaliyokwisha kutawanyika, upandishe. Sentimita 10 za urefu hubadilisha muda kwa sekunde 0.03, na katika michezo hii hicho ni kipimo kikubwa.

Maji matupu hutoa taji, yaani ukingo wa duara unaoruka tone linapogonga, lililo dogo na linaloanguka haraka. Maziwa hutoa taji lenye meno yanayoonekana vizuri kwa sababu hayapitishi mwanga, na Harold Edgerton wa chuo cha MIT nchini Marekani, aliyesifika kwa picha za flashi fupi, alitumia maziwa katika picha yake maarufu ya taji la mwaka 1957. Maji yaliyochanganywa na gliserini huwa mazito kidogo na nguzo inayoruka juu baada ya mgongano husimama kwa umbo zuri zaidi.

Karibuni kwa michango.

#2 Mchangiaji kutoka Tanga

Mkuu, hoja ni nzuri, lakini naomba kutofautiana nawe kidogo. Kamera za siku hizi zina shata ya 1/8000, na flashi nyingi mpya zina hali ya kwenda sambamba na kasi hiyo. Kwa nini mtu ajifungie gizani na kuhesabu nguvu za flashi ilhali anaweza kuweka 1/8000 na kumaliza kazi mchana kweupe?

#3 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Tanga, swali lako ni la msingi na ndilo linalowagharimu watu fedha, kwa hiyo niruhusu nilijibu kwa urefu.

Shata ya mapazia haifunguki yote kwa pamoja inapokwenda kasi hivyo. Pazia la kwanza linaanza kushuka na la pili linalifuata kwa karibu sana, kwa hiyo kinachopita mbele ya kihisio (sehemu ya kamera inayonasa picha) ni mwanya mwembamba. Kila sehemu ya picha hupata 1/8000 yake, lakini safari nzima ya mwanya huo kutoka juu hadi chini bado huchukua takriban muda uleule wa 1/250 ya sekunde. Tone litapigwa vipande katika nyakati tofauti, na umbo lake linaweza kuvutika. Flashi nayo, ili imulike safari yote hiyo, hulazimika kuwaka na kuzimika mfululizo kama taa ya kudumu, na nguvu yake kubwa hupotelea humo. Unakuwa umeitoa ile faida ya mwako mmoja mfupi, ukabaki na mwanga hafifu.

Bila flashi ndiyo kabisa. Kwenye jua kali la saa sita mchana, f/11 pamoja na 1/8000 vitakudai ISO 4000 hivi, na hapo bado tone husogea karibu milimita 0.4. Flashi ya 1/20,000 inakupa mwendo usiofikia nusu ya huo, kwa ISO 200, na ndani ya nyumba. Hali hiyo ya kasi kubwa ina matumizi yake, kwa mfano kupiga picha ya bibi harusi juani kwa tundu lililo wazi, ila si kwa maji.

Niongeze jambo ambalo sikulisema mwanzoni: ukitumia flashi mbili, zote mbili ziwe kwenye nguvu ndogo. Moja ikiwa 1/64 na nyingine nguvu kamili, ya pili itachora kivuli chenye mkia juu ya tone ambalo ya kwanza imelisimamisha, na utatafuta kasoro kwenye lenzi bure.

#4 Mchangiaji kutoka Unguja

Kaka mwanzisha uzi, ahsante. Mimi naongezea upande wa maua, kwa sababu si kila picha ya maji inahitaji kitu kidondoke.

Asumini huchumwa yakiwa matumba alasiri na kufunguka yenyewe baada ya magharibi, kwa hiyo wakati wa kupiga picha unaangukia usiku, ambao kwa kazi ya flashi ndio unaotakiwa. Yasishikwe sana, kwa maana petali zake hubadilika rangi ya kahawia pale vidole vilipogusa, na kamera huliona hilo kabla ya jicho. Mimi hutumia sinia nyeusi yenye maji ya kina cha vidole viwili, nikaelekeza maua kwa ncha ya uti wa ufagio. Flashi naiweka ng'ambo ya sinia, nyuma ya tresingi, na upande wangu naegemeza kadi nyeupe ili petali za mbele zisizame kwenye kivuli. Kwa kuwa asumini ni meupe mno, mwanga naupima kwa petali zile zinazowaka zaidi, na hayo mengine nayaacha yawe meusi yatakavyo.

Kuna siri moja kwenye mawimbi. Ukidondosha tone pembeni mwa sinia, duara za mawimbi hazionekani pale maji yanapoakisi weupe mtupu, wala pale yanapoakisi weusi mtupu. Zinaonekana kwa nguvu kwenye mpaka wa hayo mawili, pale ambapo ukingo wa karatasi ya tresingi unaakisiwa majini, kwa sababu kila kiwimbi hapo huinamisha maji kidogo na kuchota ama mwanga ama giza. Basi nashusha au kupandisha kamera mpaka ukingo huo uje kulala hasa mahali ninapotaka mawimbi yaonekane, kisha ndipo ninapodondosha. Watu wengi huongeza mwanga wakitafuta mawimbi, na mawimbi yanazidi kupotea.

Na wenye kanga nzuri wasiziache sandukuni. Pandisha bakuli la pyrex juu ya vikombe vinne, kanga ikiwa imetandazwa chini yake kwa umbali wa sentimita 25 au 30. Tia maji, dondosha mafuta ya alizeti kwa kijiko na tone dogo la sabuni ya vyombo ili duara za mafuta zisiungane. Flashi imulike kanga, isimulike mafuta. Kamera iwe juu ikitazama chini, fokasi kwenye mafuta, tundu f/5.6 au f/8, na rangi za kanga zitayeyuka ndani ya duara. Jina la kanga halitasomeka, lakini mwenye jicho ataitambua pindo yake. Hapa hakuna kinachokwenda kasi, kwa hiyo tumieni nguvu yoyote ya flashi mnayopenda.

#5 Mchangiaji kutoka Mwanza

Heshima kwenu wakuu na dada yetu wa Unguja. Mimi sina kamera, nina simu, na flashi ya mtumba niliyopewa na mtu aliyeacha kazi ya picha. Nimesoma hapa na pale kwamba simu haiwezi kuwasiliana na flashi ya nje. Je, nijiondoe kwenye uzi huu?

#6 Mwanzisha uzi

Usijiondoe, ndugu. Ni kweli kwamba simu nyingi hazina njia ya kuiamuru flashi hiyo iwake, na kwamba kihisio cha simu husoma picha mstari kwa mstari badala ya yote kwa mara moja. Lakini kwa vile tunafanya kazi gizani, si lazima simu na flashi zijuane.

Ifunge simu imara kwenye stendi, ingia kwenye hali ya kitaalamu ya programu ya kamera, weka ISO ya chini kabisa na muda wa sekunde mbili, fokasi ya mkono. Zima taa. Bonyeza kwa kuchelewesha kwa sekunde mbili ili simu isitikisike, na shata inapokuwa wazi, mwenyewe washa flashi kwa kitufe cha majaribio kilichoko nyuma ya flashi pale tone linapogonga maji. Katika zile sekunde mbili mistari yote ya kihisio inakuwa wazi kwa pamoja, kwa hiyo mwako mfupi unaingia katika picha nzima. Tundu la lenzi ya simu halibadiliki na mara nyingi ni pana, kama f/1.8, jambo linalokulazimisha kushusha flashi hadi 1/64 au 1/128. Hiyo ni bahati yako, kwa sababu ndiko kwenye miako mifupi zaidi.

Wala si njia ya kubahatisha. Mwishoni mwa karne ya 19 huko Uingereza, Arthur Worthington alichunguza matone kwa namna hiyohiyo: chumba cha giza, bamba la picha lililo tayari kupokea mwanga, na cheche ya umeme kuwa ndiyo mwanga pekee. Nguzo ya maji inayoruka baada ya tone kuzama inaitwa kwa jina lake hadi leo katika vitabu vya fizikia.

#7 Mchangiaji, fundi umeme, Nairobi

Ndugu zangu, nimesoma kwa makini na kuna jambo moja ambalo haliwezi kusubiri. Maji na umeme vimekaa meza moja katika uzi huu wote. Flashi ya betri haina hatari ya umeme wa ukutani, na hata umeme ukikatika kazi inaendelea, lakini ndani yake kuna kapasita inayobeba takriban volti 300, na hubaki na chaji hata baada ya kuzimwa na kutolewa betri. Flashi iliyoingia maji isifunguliwe kwa bisibisi nyumbani. Itoeni betri, iachwe, apelekewe fundi anayejua kuitoa chaji.

Kwa kinga, ivisheni flashi mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga na kuufunga kwa raba, iwekeni juu ya usawa wa meza au nyuma ya tresingi, na tumieni triga ya redio badala ya waya unaokatiza juu ya maji. Taa za kuchomeka ukutani pamoja na nyaya za kuongezea zisikae sakafuni ambako maji yatamwagika. Atakayepiga picha za ndimu zikitumbukia kwenye tangi la kioo atashangaa maji yanavyofika mbali.

#8 Mchangiaji kutoka Dodoma

Wakuu, nina maswali mawili ya haraka. Kwanza, glasi zangu za maji zinajaa viputo vidogo vinavyong'ang'ania ukutani, na zikikauka zinabaki na madoa meupe. Pili, chupa yangu ya soda haitoki jasho la kutosha hata nikiitoa kwenye friza, na kwenye matangazo naona matone makubwa yaliyotulia.

#9 Mwanzisha uzi

Mkuu wa Dodoma, viputo ni hewa iliyoyeyuka majini ambayo hujitoa maji yanapopata joto. Chemsha maji, yafunike, yaache yapoe kabisa, kisha yamimine polepole yakitiririka kwenye ukuta wa glasi. Madoa meupe ni chumvichumvi za maji ya kisima au ya bomba. Siki huyatoa, na kwa kumalizia suuza kwa maji ya chupa au ya mvua na ufute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Baada ya hapo shika glasi kwa kitambaa tu, kwa sababu alama ya kidole ikipigwa na mwanga wa nyuma hujitokeza kuliko kinywaji chenyewe.

Kuhusu jasho, hewa ya Dodoma ni kavu, ndiyo maana chupa haipati unyevu wa kujivika kama ingekuwa Dar es Salaam. Hata hivyo waliopo pwani nao hawana raha, kwa kuwa jasho la kweli huungana na kuteremka kwa michirizi kabla hujamaliza kupanga taa, na lenzi iliyotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi hushika ukungu papo hapo, ikahitaji kuachwa ndani ya begi lake mpaka joto lake lilingane na la nje. Matone ya matangazo kwa kawaida si jasho. Nunua gliserini dukani, ichanganye na maji kwa kiasi sawa, itie kwenye chupa ya kunyunyizia na unyunyize chupa ya soda ikiwa ya joto la kawaida, safi na kavu. Funika lebo kwa karatasi kama unataka ibaki bila matone, na funika pia sehemu ya juu ya usawa wa soda, maana kinywaji hakipoozi mahali ambapo hakipo. Ukitaka matone makubwa ongeza machache kwa sindano ya hospitali isiyo na ncha. Yatakaa muda mrefu bila kukauka, nawe utapata nafasi ya kusogeza flashi utakavyo.

Soda hiyo iliyonyunyizwa usimpe mtoto kabla hujaiosha chupa.